Kanga iliyokatwa: barua ya wazi kwa wakuu wa tamthilia

Kwa:
Mkurugenzi wa Vipindi,
Mkuu wa Idara ya Tamthilia,
na wazalishaji wote mnaotia saini ratiba za upigaji picha.

Waheshimiwa,

YAH: NAMNA KAMERA INAVYOTUMIKA KATIKA TAMTHILIA ZETU

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mpiga picha. Nimebeba kamera miaka 14, tisa kati ya hiyo katika lokesheni zenu. Nilianza kwa kushika nyaya na kubeba tripodi, nikaishia nyuma ya kamera namba moja. Jina la kituo silitaji wala ya kwenu siyataji, kwa kuwa sikusudii kumchafua mtu. Mtajijua. Na wa vituo vingine wakisoma wakadhani nawasema wao, nadhani nao hawatakuwa wamesingiziwa.

Siandiki hadharani kwa kupenda. Barua ya kwanza niliiandika mwaka juzi, kurasa mbili, nikaipitisha kwa meneja wa uzalishaji kama utaratibu unavyotaka. Haikujibiwa. Ya pili niliikabidhi kwa mkono. Nikaitwa kikaoni, nikapewa chai na maandazi, nikaambiwa "tumekusikia, kaka". Wiki iliyofuata ratiba ikatoka: sini (maonyesho ya tamthilia) 21 kwa siku badala ya 18. Mara ya tatu nilimweleza mkuu mmoja tukiwa kwenye foleni ya chakula. Akacheka, tena kwa upole, akasema: "Wewe unataka Hollywood, sisi tunawalisha watu wali maharage." Nimeligeuzageuza sana neno hilo kichwani. Mimi ni mlaji mzuri wa wali maharage, na ukiungua nautambua kabla sijafunua sufuria.

Hoja zangu ni hizi.

1. Kanga

Naanza na hili kwa kuwa ndilo lililonitoa kazini kwenu.

Mwaka jana tulipiga sini ya wake wenza katika nyumba moja ya kupanga huko Temeke. Mwandishi, binti mwenye kipaji kikubwa kuliko anavyolipwa, alikuwa ameandika mistari minne tu isiyo na mazungumzo. Mke mkubwa anaingia uani. Anachota maji kwenye pipa. Anageuka na kuondoka polepole. Nyuma, kanga yake inasema HASIDI HANA SABABU, na mke mdogo, aliyekuwa anapepeta mchele, anaacha kupepeta.

Watu wa pwani sina haja ya kuwaeleza kwamba hayo ni mazungumzo kamili. Toka Lamu mpaka Kilwa watu wamesutana, wametongozana na wamepatana kwa jina la kanga bila kufungua mdomo. Lakini jina la kanga lina mahali pake. Liko chini, juu kidogo ya pindo, na mwanamke akijifunga kiunoni linatokea nyuma, usawa wa magoti au chini yake, kutegemea kimo chake. Sasa mwongozaji, huku mzalishaji amemsimamia na karatasi mkononi, akasema: "Piga midi ya wote wawili, tumalize." Midi shoti inakata kiunoni. Kila kilicho chini ya kiuno hakipo duniani.

Niliomba shoti mbili. Ya kwanza: mke mkubwa mzima, kichwa hadi visigino, kamera imeshushwa usawa wa mapaja, imetulia kwenye tripodi na isimfuate, yeye aende, sisi tubaki, jina lisomeke mpaka avuke kizingiti. Ya pili: mikono ya mke mdogo juu ya ungo, inasimama. Uso wake sikuuomba kabisa. Mikono ingetosha.

Nikajibiwa muda hakuna. Ilikuwa saa kumi na dakika kumi alasiri na sini tisa zilikuwa zinatusubiri. Tukapiga midi.

Wiki mbili baadaye mhariri akaniita nione alichobaki nacho: mwanamke anachota maji, mwanamke mwingine anamtazama, basi. Hakuna aliyeelewa kisa. Mkamwita mwigizaji studio ya sauti, akarekodi wazo la moyoni: "Ananiita mimi hasidi! Atanitambua!" Nauli yake, posho yake, saa tatu za studio na za fundi sauti, vyote kwa ajili ya kusema kwa maneno kile ambacho sekunde sita za picha zingekisema. Na ile "atanitambua" haikuwemo kwenye muswada. Mke mdogo wa mwandishi alikuwa mwoga, ninyi mmemfanya mgomvi, na sehemu tatu zilizofuata hazikukaa sawa tena.

Nakuombeni mlielewe hili kabla hatujaendelea: fremu, yaani kisanduku cha picha tunachokiona, ina kingo nne, na kila ukingo ni uamuzi. Anayesema "piga tu midi" ameshaamua nini kitupwe. Anachokosa ni kujua kwamba ameamua.

2. Kamera inayofuata mdomo

Katika tamthilia zetu klozapu, yaani picha ya uso kwa karibu, anapewa anayesema. Akinyamaza ananyang'anywa, anapewa mwingine anayesema. Ni kama mwenyekiti wa kikao anayegawa kipaza sauti.

Najua tulikotoka. Bara televisheni ilianza mwaka 1994, na waliotufundisha kuigiza na kuandika walikuwa wamekulia kwenye jukwaa na kwenye michezo ya redio. Redioni asiyesema hayupo. Tuliichukua tabia hiyo tukaiweka mbele ya lenzi, nayo ikakaa kama mgeni aliyesahau kuondoka.

Baba anamwambia kijana wake: "Huyu si mama yako mzazi." Mnamwonyesha nani? Mlimwonyesha baba, sentensi nzima, hadi nukta. Tulipofika kwa kijana alikuwa ameshamaliza kushtuka na anajibu. Ile nusu sekunde ambayo maneno yanamwingia mtu, kabla hajajua afanye uso gani, hatukuipiga. Na kwetu uso wa anayesikiliza una uzito wa pekee kwa sababu ya adabu zetu: kijana haangalii mzazi machoni anapokaripiwa, hajibu, hapandishi sauti. Anainama. Mkeka anautazama. Mdomoni mwake hamna kitu cha kurekodi. Asipopewa klozapu wakati amenyamaza, hana wakati mwingine wa kuipata.

Zaidi ya miaka 100 hivi iliyopita Mrusi aitwaye Lev Kuleshov aliunganisha uso uleule wa mwigizaji mmoja na sahani ya mchuzi, kisha na jeneza, kisha na mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji kwa namna alivyobadilika: mara ana njaa, mara ana majonzi, mara ana hamu. Uso haukuwa umebadilika hata kidogo. Nalitaja kwa sababu mkuu wenu mmoja aliniambia "waigizaji wetu hawawezi kuigiza kimya". Mzee, hawahitaji kuweza sana. Wapigeni wakitazama, kisha tuonyesheni wanachokitazama.

3. Zumu ya mezani

Hili limeingia na kamera za 4K. Picha ya 4K ina upana wa nukta 3840 na kimo cha 2160. Tunachorusha ni 1920 kwa 1080. Maana yake mhariri anaweza kuivuta picha mara mbili bila kuvunjika. Mtu mmoja pale ofisini akapiga hesabu akafurahi: kwa nini tupoteze muda kupiga klozapu? Pigeni pana, mhariri atakata klozapu mezani.

Kwenye karatasi ni hesabu safi. Kwenye kioo ni kitu kingine. Klozapu ya kweli inapigwa ukiwa umesogea, umeshuka usawa wa macho ya mtu, umebadilisha lenzi ili ukuta wa nyuma ulegee na uso ubaki. Umesogeza na taa. Na macho ya mwigizaji yanapita karibu na lenzi, kwa hiyo mtazamaji anahisi amekaa karibu naye. Klozapu ya mezani haina hata kimoja cha hivyo. Ni sikio na nusu shavu la mtu anayemtazama mwenzake aliyeko kushoto kabisa, kalenda ya ukutani inasomeka vizuri kuliko mboni zake, na mwanga ni uleule uliowekwa kwa ajili ya chumba kizima. Ngozi zetu nyeusi mbele ya ukuta mweupe ndizo zinazoumia kwanza. Ukipima mwanga kwa chumba, ukuta unang'aa na uso unabaki kivuli. Kisha mnamlaumu mtu wa vipodozi.

Halafu mkaongeza zile zumu tatu: fyuu! fyuu! fyuu! usoni kwa mtu kila habari inapofika. Tumeziokota kwenye tamthilia za Kihindi za miaka ile, wao wenyewe wengi wameshaziacha. Katika sehemu moja ya dakika 24 nilizihesabu 17, moja ikiwa ya dada wa kazi anayeambiwa chumvi imeisha.

Zumu na kusogea si kitu kimoja, ingawa kwenye ratiba zenu vyote vinaandikwa "muvu". Zumu inaikuza picha: uso unakuja na ukuta wake unakuja nao. Kamera ikisogea yenyewe, kiti cha mbele kinapita pembeni, mlango unafunguka upande, na mtazamaji anahisi amenyanyuka kwenye kochi lake kwenda kuona. Alfred Hitchcock alivitumia vyote viwili kwa pamoja mwaka 1958 katika Vertigo, kamera ikienda huku na lenzi ikivuta kule, ili kuonyesha kizunguzungu cha mtu anayeogopa urefu. Alikuwa na sababu. Mtu wake alikuwa anaona dunia inanyumbuka.

Sababu ndiyo ninayoitafuta pia kwenye hizi gimbali mlizonunua, vishikio vinavyotuliza kamera ikitembea. Ni vyombo vizuri, sikatai. Ila tangu zije, kamera haitulii. Watu wamekaa wanakunywa chai, nayo inaelea, inazunguka meza, inakwenda dirishani, inarudi, kama mlevi anayetafuta choo. Mtu akisimama ghafla, kamera isimame naye. Habari ikiingia chumbani, kamera isogee. Kama hakuna kilichotokea, acheni itulie, ili kitakapotokea tujue.

4. Mstari

Hili ni fupi kwani kila mpenda mpira analijua bila kufundishwa. Kwa Mkapa, Simba na Yanga wakicheza, kamera kuu zimewekwa upande mmoja wa uwanja. Kwa nini? Kwa sababu ukikata kwenda kamera ya upande wa pili, Yanga waliokuwa wanashambulia kulia ghafla wanashambulia kushoto, na nusu ya nchi itadhani wanataka kujifunga.

Watu wawili wakizungumza, kuna mstari kati yao, kama ule wa kutoka goli hadi goli. Ubaki upande mmoja. Katika tamthilia zetu tunauvuka kila siku, kwa sababu sini inaanza kupigwa asubuhi kwa upande wa dirisha, jua linahama, na saa nane mwongozaji anahamia upande wa mlango "kwa kuwa kuna mwanga". Matokeo yake mume na mke wanaogombana wote wanatazama kulia, kama abiria wa daladala. Mtu wa kontinuiti, anayehakikisha shoti zinaoana, angelikamata kosa hili kwa dakika moja. Mlimwondoa kwenye bajeti msimu wa pili.

5. Mkeka

Tripodi zenu mbili zote ni ndefu. Zikishushwa mpaka mwisho, lenzi bado iko usawa wa kifua cha mtu aliyesimama. Sasa hesabuni ni sini ngapi katika maisha yetu zinafanyika chini: msiba, arusi, chakula cha sinia, madrasa, wanawake wanaosukana nywele, mgonjwa aliyelala. Zote hizo mnazipiga kwa macho ya mtu aliyesimama mlangoni na ana haraka ya kuondoka.

Tulipiga msiba Bagamoyo, kina mama zaidi ya 20 wamekaa mikekani. Tulichopata ni vilemba na mitandio. Bibi mhusika mkuu, aliyefiwa na mwanawe, anaonekana kwa juu, kadogo, kama kitu kilichodondoka. Pembe ya juu inamdogosha mtu; hilo lina matumizi yake, na pengine lingemfaa mwizi aliyekamatwa. Lakini yule bibi ndiye aliyekuwa nguzo ya nyumba ile, hivyo ndivyo muswada ulivyosema. Nililala kifudifudi na kamera juu ya mfuko wa mchanga ili nimpate machoni, na hiyo ndiyo shoti pekee iliyobaki kwenye tangazo la sehemu ile. Mwenzangu akanipiga picha nimelala vile, ikazunguka kwenye kundi la kazi, wakaniita Mamba.

Mjapani Yasujirō Ozu alijenga kazi yake yote juu ya jambo hili. Watu wake walikaa chini kwenye mikeka yao, naye akaishusha kamera mpaka chini ikakaa nao, filamu baada ya filamu. Hakuna jirani yetu wa mbali aliye karibu nasi kuliko huyo. Miguu mifupi ya tripodi, ile tunayoiita tripodi mtoto, ni kifaa cha bei ndogo kuliko droni.

6. Droni

Nimeitaja, basi niimalize. Familia ni ya Mbagala Rangi Tatu. Baba fundi viatu. Kila sini inaanza na Daraja la Tanzanite kutoka angani, jua linazama, magari yanapita. Huyo fundi viatu anakwenda Oysterbay mara ngapi kwa siku? Shoti ya kufungulia ina kazi: kuniambia niko wapi na saa ngapi. Kituo cha daladala cha Rangi Tatu kikipigwa alfajiri kutoka ghorofa ya pili ya duka lolote kitanieleza zaidi, na hakihitaji kibali cha anga.

7. Usalama

Hapa sitanii. Shoti za magari mnazipenda, na mimi nazipenda. Lakini vifaa vya kufungia kamera kwenye gari hamna, kwa hiyo mpiga picha anakaa kwenye buti iliyofunguliwa, au anasimama ndani ya bajaji, au anapanda bodaboda akiwa ameangalia nyuma, kamera begani, msaidizi amemshika mkanda wa suruali. Nimevifanya vyote vitatu. Mwaka juzi kijana wetu wa fokasi, anayerekebisha lenzi picha isififie, alidondoka kwenye buti katika tuta la barabarani, mkono ukavunjika. Gharama za hospitali tulichangishana kwenye kundi la kazi. Kwenye ripoti ya siku hiyo iliandikwa "shoti haikukamilika".

Februari 2014, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, kikosi cha filamu kiliingia kwenye daraja la reli bila ruhusa ya kampuni yenye reli. Treni ikaja. Msaidizi wa kamera, msichana wa miaka 27, alikufa palepale, na mwongozaji alikiri kosa mahakamani akafungwa. Hao ni watu wenye vyama vya wafanyakazi, wanasheria na bima. Sisi tuna mkanda wa suruali.

Majibu mtakayonipa nayajua, maana nimeshapewa.

Mtasema bajeti. Mwaka 1951 huko Hollywood, Karl Freund, mzaliwa wa Bohemia aliyekuwa mpiga picha mkubwa wa filamu za Ujerumani, alipewa kichekesho cha televisheni kilichotakiwa kupigwa haraka, mbele ya watazamaji waliokaa ukumbini. Alitumia kamera tatu kwa wakati mmoja, akaninginiza taa juu ili zisihamishwe kila shoti, akapanga mapema kila kamera isimame wapi na isogee lini. Aliokoa fedha kwa kupanga. Sisi tunaokoa fedha kwa kufuta upangaji, kisha tunazilipa studio ya sauti.

Mtasema muda. Siku ya kazi ni saa 12, sawa na dakika 720. Gawanya kwa sini 21: dakika 34 kwa sini, ndani yake kuna kuhamisha taa, kubadilisha nguo, mvua, adhana, jirani anayefungulia muziki, na chakula cha mchana. Hakuna mwongozaji duniani atakayefikiria kamera iwe wapi katika muda huo. Atasema midi. Simlaumu hata kidogo.

Mtasema watu wanatazama kwenye simu. Kweli, wengi. Basi kioo kikiwa kidogo, chaguo la shoti linakuwa gumu zaidi: kanga itasomeka tu ukiishikilia muda wa kutosha, msiba utaeleweka tu ukijua uso upi uukaribie. Simu imewaongezea kazi, haikuwapunguzia.

Na mtasema lile mnalolipenda kuliko yote: watazamaji wetu hawajui mambo ya shoti, wanasikiliza tu huku wanapika. Mama mkwe wangu anaishi Muheza. Hajawahi kusikia neno fremu. Jioni anatazama tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, zile ambazo watu wanatazamana muda mrefu mpaka chai inapoa. Siku moja nimekaa naye, mwanamke mmoja kwenye kioo akageuza macho kidogo kuelekea kwa shemeji yake, kamera ikabaki pale, hakuna aliyesema kitu. Mama akaweka kisu chini, akaacha kitunguu, akasema: "Huyu ameshajua." Sehemu mbili mbele ndipo mwanamke yule alipotamka kwamba anajua. Tamthilia yetu ilipoanza, saa moja baadaye, mama aliendelea kukata kitunguu, na kweli alikuwa anasikiliza tu. Hatukuwa tumempa kitu cha kutazama.

Ninachoomba ni hiki, na hakuna ombi hapa linalohitaji kikao cha bodi:

(a) Sini zisizidi 14 kwa siku. Mkishindwa kabisa, 16, lakini tatu kati yake ziwe za mistari michache, sehemu moja, bila kuhama.

(b) Kila muswada ukae mezani nusu siku kabla ya kupigwa, mwongozaji, mpiga picha na mwandishi wakiwa pamoja, itoke orodha ya shoti. Mwandishi awepo. Asingekuwa nyumbani siku ile ya Temeke, kanga isingekatwa.

(c) Mtu wa kontinuiti arudishwe.

(d) Amri ya "pigeni pana mhariri atakata" ifutwe kwa maandishi, kama ilivyotolewa kwa maandishi.

(e) Tripodi mtoto mbili. Na droni ipumzike msimu mmoja tuone kama kuna atakayepiga simu kuiulizia.

(f) Shoti yoyote ya chombo kinachotembea isipigwe bila kamba za usalama, barabara iliyofungwa, na jina la mzalishaji aliyeidhinisha. Aliyevunjika mkono alipwe alichotumia. Risiti anazo.

Msimu mpya unaanza kupigwa Julai. Mkitekeleza (a), (b) na (f) tu, nitarudi kufanya kazi nanyi kwa malipo yaleyale. Msipotekeleza sitarudi, na vijana wawili mliowachukua badala yangu wameshanipigia kuuliza maswali yaleyale niliyokuwa nawauliza ninyi.

Jambo la mwisho ni dogo na ni la binafsi. Mwaka wangu wa pili kwenu, nilipochoka kusukuma kamera kwenye kiti cha magurudumu cha kuazima, nilimpelekea fundi mmoja wa Gerezani mchoro. Akanichomelea doli ya chuma, yaani kigari cha kusogezea kamera, magurudumu ya viatu vya kutelezea, reli zake mabomba ya plastiki ya mita tatu tatu. Niliilipia mwenyewe. Inasogea bila kelele hata kwenye sakafu ya mavumbi. Mara ya mwisho kuiona ilikuwa stoo, chini ya viti vya arusi ya sehemu ya 40, na mabomba mawili yalikuwa yamechukuliwa kutengenezea hema la chakula. Kama mna mpango wa kuitumia, mwachieni kijana mrefu anayeshika kamera namba mbili, anajua kuifunga. Kama hamna, naomba mwambieni mlinzi aniruhusu kuingia siku yoyote baada ya saa nne asubuhi, nitakuja na guta.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mpiga picha wenu wa zamani,
Dar es Salaam.

Nakala: Wapiga picha, wahariri na watu wa fokasi wa vituo vyote.